Breki Zihudumiwe kwa Tarehe, Zisingoje Kulia

Liko neno ambalo limezoeleka mno katika nchi yetu, nalo ni hili: "Ajali haina kinga." Twalisikia msibani, twalisikia kituo cha polisi, na twalisikia kinywani mwa mwenye gari ambaye gari lake limewaua watu. Likisha kutamkwa, kila mtu huinamisha kichwa na mazungumzo hukoma. Sisi leo twapenda kuyafungua mazungumzo hayo tena. Zipo ajali zisizo na kinga. Mti huweza kuangukia njia wakati wa tufani, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Lakini gari kukatika breki si ajali ya namna hiyo. Breki zina kinga yake, na kinga hiyo yajulikana: zikaguliwe kwa kilometa, na mafuta yake yabadilishwe kwa tarehe, ziwe zimelia au hazikulia.

Desturi iliyopo siyo hiyo. Desturi ya wengi ni kungoja. Mwenye gari hungoja breki zipige kelele. Dereva hungoja pedali izame. Fundi hungoja aitwe. Na wote pamoja hungoja Wiki ya Nenda kwa Usalama ili gari likaguliwe na kubandikwa stika. Katika jambo hili kungoja ni kosa, na yafaa tuonyeshe kwa nini.

KIBAHA NA KISARAWE

Twaandika haya tukiutazama Mkoa wa Pwani, hasa Kibaha na Kisarawe, kwa sababu katika sehemu hizi mbili breki hufanyishwa kazi za kila aina.

Kibaha ni lango. Magari yatokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, Dodoma na Mbeya, na mizigo itokayo bandarini kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, kwa sehemu kubwa hupita katika Barabara ya Morogoro, yaani katikati ya Kibaha. Kipande cha kutoka Kimara hadi Kibaha, chenye urefu wa kilometa 19.2, kimepanuliwa, na magari hukimbia kuliko zamani. Kisha malori hushika njia ya Mlandizi, daraja la Ruvu na mizani ya Vigwaza, na mengine huingia Bandari Kavu ya Kwala. Lakini kando ya barabara hiyo hiyo, pale Maili Moja, Kongowe na Mlandizi, wako watoto wa shule, kina mama wa sokoni na vijana wa bodaboda, ambao huvuka na kurudi tangu alfajiri hadi usiku. Lori zito, basi lenye haraka na mtu wa miguu hukutana mahali pamoja, na kinachomwokoa yule wa miguu ni breki za wale wawili.

Kisarawe ni habari nyingine. Barabara itokayo Gongo la Mboto kupitia Pugu hupanda milima ya Pugu kabla ya kufika mjini Kisarawe, kisha njia huendelea kuelekea Masaki, Msanga na Maneromango. Milima hiyo si mikubwa kama Kitonga au Sekenke, na ndiyo sababu watu huidharau. Gari hupanda likiwa jepesi na kushuka limejaa magunia ya mkaa, mihogo, machungwa na abiria. Wakati wa kiangazi vumbi la njia za vijijini huingia ndani ya ngoma za breki na kuzisaga kama msasa. Wakati wa masika tope na maji hufanya kazi yake humo humo.

Kwa ufupi, Kibaha huzijaribu breki kwa mwendo na uzito. Kisarawe huzijaribu kwa mteremko, vumbi na tope. Na kote kuwili hewa ni ya pwani, yenye unyevu. Msomaji aushike vema huo unyevu, maana tutaurudia.

MAMBO YALIYOKWISHA KUTOKEA

Hatusemi haya kwa kuogopa kivuli. Tarehe 24 Februari, 2024, lori lililokatika breki liligonga magari mengine huko Ngaramtoni, katika Wilaya ya Arumeru, na watu 25 walipoteza maisha. Wengi wao hawakuwa ndani ya lori hilo, wala hawakuwa na neno lolote juu ya matengenezo yake. Walikuwa njiani kama wewe na mimi tulivyo njiani kila siku.

Miaka mingi kabla ya hapo, tarehe 24 Juni, 2002, treni ya abiria ya Reli ya Kati, ikiwa na watu zaidi ya 1,200, ilishindwa kupanda mlima katika sehemu za Igandu, Mkoa wa Dodoma. Ikarudi nyuma kwa kasi bila ya breki kuizuia, ikaigonga treni ya mizigo karibu na Msagali. Watu 281 walikufa. Treni hiyo ilikuwa imetoka Dar es Salaam. Ilikuwa imekwisha kuipita Pugu, Soga na Ruvu, yaani ardhi hii hii tunayoitaja leo, kabla ya kufika huko ilikoangamia. Breki za treni si breki za gari dogo, lakini fundisho ni moja: chombo kikishindwa kusimama, ukubwa wake na nguvu zake zote hugeuka kuwa hasara.

Madaktari na wauguzi wa Hospitali ya Tumbi, pale Kibaha, wamezoea kuwapokea majeruhi wa Barabara ya Morogoro. Hospitali hiyo ilikulia ndani ya mradi mkubwa ulioanzishwa Kibaha katika miaka ya 1960 kwa msaada wa nchi za Nodiki, ukakabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970; na lengo la mradi ule lilikuwa kupigana na ujinga, maradhi na umaskini. Si haki kitanda kilichowekwa kwa ajili ya mama mzazi au mtoto mwenye malaria kikaliwe na mtu aliyevunjika mguu kwa sababu ya pedi ya breki iliyokwisha na mwenyewe anajua kuwa imekwisha.

JOTO NA MAJI

Ili tujue kwa nini breki hazifai kungojwa, hatuna budi kujua kazi yake. Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Gari linalokimbia lina nguvu ndani yake, na nguvu hiyo haiwezi kutoweka bure. Dereva akikanyaga pedali, nguvu huingia katika diski na ngoma za magurudumu kwa njia ya msuguano. Mwendo ukiongezeka mara 2, nguvu hiyo huongezeka mara 4. Kwa hiyo dereva anayekwenda kilometa 80 kwa saa hazitwishi breki zake mara 2 ya mzigo wa yule anayekwenda kilometa 40, bali mara 4.

Na mteremko je? Tufanye hesabu ndogo. Gari lenye tani 3 pamoja na abiria wake likishuka mlima kiasi cha meta 100 kwenda chini, dereva akilizuia kwa breki peke yake, joto litakalozaliwa katika magurudumu laweza kuchemsha lita 9 za maji ya kisima. Ni sawa na kulisimamisha gari hilo mara 4, moja kwa moja, kutoka mwendo wa kilometa 80 kwa saa. Joto lote hilo huzaliwa katika vyuma vichache vidogo, pembeni mwa mafuta ya breki.

Katika magari madogo, katika Noah na Hiace zetu, mguu wa dereva haulisukumi gurudumu. Mguu husukuma pampu, pampu husukuma mafuta, mafuta hupita katika mabomba membamba na kuzibana pedi na viatu vya breki. Mpango wote huu umesimama juu ya tabia moja ya vitu vya majimaji: havikubali kubanwa. Ukivisukuma huku, vitasukuma kule.

Lakini mafuta ya breki yana tabia ya pili. Ingawa twayaita mafuta, yaliyo mengi si jamaa ya petroli wala ya oili ya injini. Yametengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, ambazo huvuta maji kutoka hewani. Kila mwenye nyumba pwani ameona chumvi inavyolowa ndani ya kopo wakati wa masika ingawa hakuna aliyeimwagia maji. Mafuta ya breki hufanya vivyo hivyo. Unyevu hupenya polepole katika mipira inayopitisha mafuta na katika kifuniko cha kopo lake, siku kwa siku, hata kama gari limeegeshwa tu uwanjani.

Matokeo yake yanapimika. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za joto. Yakiisha kunywa maji kiasi cha asilimia 3.7, huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yale ya DOT 4 huanzia nyuzi 230, nayo huweza kushuka hata 155. Sasa mchukue dereva anayeteremka kutoka Kisarawe na abiria wake, mguu juu ya pedali tangu juu hadi chini. Joto la magurudumu huyafikia mafuta. Mafuta yenye maji huchemka. Mapovu ya mvuke huzaliwa ndani ya mabomba. Na mvuke, tofauti na mafuta, hukubali kubanwa. Dereva anakanyaga, pedali inazama hadi sakafuni, na gari linaendelea na safari yake.

Hapa ndipo penye siri ambayo imewadanganya watu wengi. Baada ya ajali, vyuma hupoa, mvuke hurudi kuwa maji, na pedali husimama tena kama kawaida. Fundi akiitwa kesho yake huikanyaga na kuiona ngumu. Kopo la mafuta limejaa. Pedi bado nene. Basi husemwa kwamba dereva alilala, au kwamba alikuwa mlevi, au kwamba ajali haina kinga. Kumbe sababu imejificha katika mafuta ambayo hayakubadilishwa tangu gari liliponunuliwa.

RATIBA TUNAYOIPENDEKEZA

Kila gari lina kitabu cha mtengenezaji wake, na kitabu hicho ndicho cha kwanza kufuatwa. Watengenezaji wengi huagiza mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2, hata kama gari halikwenda mbali, kwa kuwa yanaharibiwa na wakati na hewa kuliko na safari. Lakini muda huo ni wa gari la kawaida. Gari linalobeba abiria kila siku, katika hewa yenye unyevu, kwa kusimama na kuondoka mara mia na zaidi toka asubuhi hadi usiku, halifanani na gari la mtu wa ofisini. Kwa magari ya abiria na ya mizigo midogo ya Kibaha na Kisarawe, sisi twaona mwaka 1 ndio uwe mwisho.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha safari, dereva akanyage pedali na kuisikiliza kwa mguu wake. Pedali iliyo laini kama sifongo, au inayoshuka polepole inapokanyagwa, ni amri ya kutokutoka. Aijaribu na breki ya mkono.

Kila wiki, atazame kopo la mafuta ya breki. Yakiwa yamepungua, asiridhike kwa kuongeza tu. Mafuta ya breki hayaliwi na injini. Yakipungua, ama pedi zimekwisha, ama yanavuja mahali. Kuongeza bila kutafuta sababu ni kufunika kidonda kwa kitambaa safi.

Kila kilometa 5,000 kwa gari la biashara, na kila kilometa 10,000 au miezi 6 kwa gari la nyumbani, magurudumu yafunguliwe. Pedi mpya kwa kawaida ina unene wa kama milimita 10 hadi 12. Ikifika milimita 3 itolewe, wala isingojewe hadi chuma kigusane na chuma. Pedi zibadilishwe kwa magurudumu ya pande zote mbili pamoja, maana upande mmoja ukishika kuliko mwingine gari huvutwa pembeni. Ngoma zisafishwe vumbi, hasa za magari ya njia za Msanga na Maneromango. Pedi au kiatu kilicholowa mafuta au grisi kitupwe. Hakifai kuoshwa kwa petroli na kurudishwa.

Kila mwaka, mafuta yote yatolewe na kuwekwa mapya, na upepo utolewe katika kila gurudumu. Mafuta yatoke katika chupa iliyofunguliwa siku hiyo hiyo. Chupa iliyokaa wazi katika kabati la gereji imekwisha kunywa unyevu, nayo haina tofauti kubwa na mafuta ya zamani yaliyotolewa. Na yale yaliyotolewa yasikingwe na kurudishwa. Mtu yeyote asithubutu kutia oili ya injini, kwa sababu huivimbisha mipira ya pampu na kuiharibu. Wala asitie maji, kwa sababu huchemka kwenye nyuzi 100 na kuleta kutu.

Liko na jambo moja la kuongeza. Magari yetu mengi hununuliwa yakiwa yametumika nchi za nje, hasa Japani. Mnunuzi hupokea gari linalong'aa, viti safi, redio nzuri. Hajui mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Shauri letu ni kwamba asihangaike kukisia. Ayabadilishe siku alipolipokea gari, aandike tarehe, na hesabu yake ianzie hapo.

MALORI NA MABASI MAKUBWA

Kibaha ni mji ulioyajua malori kwa karibu. Pale TAMCO ndipo yalipounganishwa malori ya Scania katika miaka ya nyuma. Basi itakuwa ajabu sisi tukiwasahau ndugu zetu wa malori na mabasi makubwa. Breki za magari hayo nyingi huendeshwa kwa upepo, si kwa mafuta. Wapo wanaodhani kwamba kwa hiyo hazina haja ya ratiba. La hasha.

Upepo unaobanwa na kompresa nao una unyevu wa pwani ndani yake, na maji hujikusanya katika matangi ya upepo. Matangi hayo yafunguliwe na kumwagwa maji kila siku, isipokuwa pale ambapo gari lina chombo cha kufanya kazi hiyo lenyewe, na hata hapo chombo chenyewe kikaguliwe. Maji yakiachwa hula vyuma na kuharibu vali. Dereva asikilize mvujo wa upepo kabla ya kuondoka, na aangalie kama kipimo kinashuka wakati gari limezimwa.

Hatari kubwa zaidi iko katika marekebisho. Lori linaposhuka mlima likizuiwa kwa breki peke yake, ngoma hupata joto, na chuma kikipata joto hutanuka. Ngoma hujitenga na viatu vyake. Kama breki zilikuwa zimelegea tangu mwanzo, chombo kinachosukuma hufika mwisho wa urefu wake kabla ya kiatu kubana sawasawa. Kipimo cha upepo kitaonyesha kwamba upepo upo tele, na hata hivyo gari halisimami. Ndiyo maana marekebisho ya breki za lori hayafai kungoja safari ya mwezi ujao. Yatazamwe kila wiki, na kabla ya kila safari ndefu.

Kwa wote, wa mafuta na wa upepo, sheria ya mteremko ni moja: gia iliyo ndogo ishikwe juu ya mlima kabla ya kuanza kushuka, ili injini ibebe sehemu ya mzigo. Anayetoa gia ili kubania dizeli huiba senti kutoka tangini na kuzilipa kwa roho za watu.

NANI MWENYE KAZI HII

Sasa twafika kwenye jambo zito. Gari likikatika breki, wa kwanza kukamatwa, akiwa hai, ni dereva. Hatusemi kwamba dereva hana wajibu; tumeutaja wajibu wake wa kila asubuhi. Lakini tuulize: ni nani mwenye fedha ya pedi? Ni nani anayeweza kusema, "Leo gari lilale gereji"? Dereva wa daladala anadaiwa hesabu ya siku, na gari likilala, hesabu hailali. Mara nyingi hana mkataba wa maandishi. Akisema breki hazifai, huambiwa kwamba madereva ni wengi mtaani na funguo zinatakiwa. Hapo mtu mwenye watoto huchukua funguo, humwomba Mungu, na kuondoka.

Jambo hilo si la haki, nalo laweza kuwa chanzo cha ajali. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimruhusu mtu kuliingiza barabarani gari bovu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwachisha mtu kazi pasipo sababu ya haki. Kukataa kuendesha gari lisilo na breki ni kuitii sheria, basi haiwezekani kuwe ndiyo sababu ya kufukuzwa. Vyama vya wafanyakazi na vya madereva vinapaswa kulishika neno hili na kulisimamia, si katika mikutano tu, bali katika kila stendi, pale dereva mmoja anaposimama peke yake mbele ya mwenye gari.

Twapendekeza jambo jepesi. Kila gari la abiria na la mizigo liwe na daftari la breki. Katika daftari hilo iandikwe tarehe, kilometa, kazi iliyofanyika, unene wa pedi, aina ya mafuta yaliyotiwa, na jina la fundi na sahihi yake. Dereva akiripoti kasoro, aiandike humo, na mwenye gari atie sahihi kwamba ameona. Daftari la shilingi chache litamlinda dereva mwaminifu, litamlinda fundi hodari, litamlinda hata mwenye gari anayetimiza wajibu wake. Litakayemuumbua ni yule tu aliyeambiwa akanyamaza.

Mkaguzi wa polisi anapolikagua gari kabla ya leseni ya usafirishaji kutolewa na LATRA, aliombe daftari hilo kama anavyoomba kadi ya gari. Ukaguzi wa siku moja hueleza hali ya siku moja. Stika ya Nenda kwa Usalama ni jambo jema, nasi twaiunga mkono. Lakini gari lililopita ukaguzi likiwa na pedi ya milimita 4, likikimbia kila siku kati ya Mlandizi na Dar es Salaam, halitafika mbali kabla pedi hiyo haijakwisha, na stika itabaki inang'aa kiooni. Daftari huonyesha mwaka mzima.

Serikali nayo na halmashauri zake zianze na magari yao wenyewe. Gari la wagonjwa, gari la shule na gari la ofisi yapaswa kuwa mfano. Haipendezi mkuu wa kazi kuwahubiria watu wa daladala huku gari lake mwenyewe halijulikani mafuta yake ya breki ni ya mwaka gani. Na mafundi wetu wa chini ya miembe, ambao wanabeba kazi hii kwa mikono mitupu, wasaidiwe na vyuo vya VETA kupata mafunzo mafupi na kifaa kidogo cha kupimia maji katika mafuta ya breki. Kwa kuyatazama rangi tu mtu hawezi kujua. Mafuta meusi ni mabaya, lakini yaliyo meupe yaweza kuwa yamekwisha jaa maji.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Twajua yatakayosemwa. Mwenye gari atasema kwamba hali ni ngumu na spea ni ghali. Twamjibu kwamba chupa ya mafuta ya breki haifikii fedha ya mafuta ambayo daladala lake linachoma kwa siku moja, na pedi zikibadilishwa mapema huiokoa diski, ambayo ni ghali zaidi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta wenyewe ni kesi mahakamani, gari chakavu, na familia zinazodai watu wao.

Dereva atasema kwamba hana wakati. Twamjibu kwamba kuikanyaga pedali kabla ya kuondoka na kutazama kopo ni kazi ya dakika 2. Kwa mwendo wa kilometa 80, gari hupita meta 22 katika kila sekunde. Anayekwenda kwa mwendo huo na breki mbovu hana hata sekunde moja ya kununua.

Abiria naye atasema kwamba yeye hausiki. Anahusika sana. Abiria wanaopiga kelele dereva akichelewa kituoni, wanyamazapo wanaposikia chuma kikisaga chuma, wamechagua kufika upesi kuliko kufika. Abiria ana mdomo, na nauli ni yake. Aseme, na akiona haskilizwi ashuke.

Ndugu wananchi, barabara zetu zimepanuliwa kwa jasho la watu wote. Gari la kila mtu hupita juu yake, na kila mtu hupita kando yake. Kwa hiyo breki za gari si mali ya mwenye gari peke yake; ni sehemu ya usalama wa yule mtoto anayevuka Maili Moja akienda shule, na wa yule mkulima wa Maneromango anayesafiri juu ya magunia yake. Mwenye gari afungue kalenda yake leo, aandike tarehe ya kubadilisha mafuta ya breki, na siku hiyo ikifika gari liende gereji hata kama halijalia. Dereva akisema breki hazifai, aaminiwe. Na siku gari litakapomuua mtu kwa kukatika breki, neno la kwanza kuulizwa liwe hili: daftari liko wapi?